Fuvu, Kura Tatu na Miswada Sita

Kamwene! Asanteni. Naona hata wageni wa kutoka Dar mmejifunza kuitikia, ingawa mnatetemeka. Hii ndiyo Julai ya Iringa.

Nimeombwa nizungumzie riwaya za vijana za dunia iliyokwenda kombo, wahakiki wanaziita za kidistopia, hasa zile za ubaguzi wa rangi na kisasi. Nimesoma miswada sita ya vijana wa hapa. Minne ina mpango uleule: mwaka 2100 Mwafrika ndiye mtawala, Mzungu anafagia barabara, binti wa mtawala anampenda mtoto wa mfagizi, kisha bomu. Wanangu, hapo mmegeuza shati ndani nje. Mishono ni ileile.

Hasira mnayo. Mnachokosa ni karatasi. Ubaguzi unaishi kwenye fomu, kwenye foleni, kwenye mlango wa nyuma wa zahanati, na karatasi za namna hiyo tunazo hapa nyumbani. Uchaguzi wa 1958 na 1959 Tanganyika uliitwa wa kura tatu. Mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja; akiruka hata mmoja, kura yake imeharibika. Nani angebuni hilo tukamwamini? Chama cha TANU, kilichodai uhuru, walibishana sana Tabora, Januari 1958, washiriki au wasusie. Wakashiriki, wakaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, wakashinda. Mtego ukamnasa mkoloni aliyeutega. Hicho nacho ni kisasi, na hakuna aliyelipuliwa.

Sasa njooni Kalenga, ngome ya Chifu Mkwawa wa Wahehe. Lugalo mnaijua: 17 Agosti 1891 Wahehe walimuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani hawakusahau. Mwaka 1894 wakaipiga Kalenga kwa mizinga, na 1898 Mkwawa akajipiga risasi asikamatwe. Kwenye miswada yenu adui akishakufa, hadithi imekwisha. Hapa ndiyo kwanza inaanza, maana walimkata kichwa. Mtu amekufa, bado wanamdai! Mwaka 1919 kichwa hicho kikaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246: Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Ikapita miezi sita, ikapita miaka thelathini.

Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alilipataje fuvu hilo? Alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, penye mafuvu kama 2,000. Wakayachambua kwa vipimo, wakilinganisha na vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Tulieni kidogo hapo. Kupima mafuvu ndiyo elimu iliyotumiwa kuwapanga watu madaraja kwa rangi zao. Leo rula ileile inamtafuta babu ili arudi nyumbani. Fuvu likakabidhiwa Kalenga mwaka 1954, na wapo wanaouliza hadi leo kama ni lake kweli. Ningekuwa na umri wenu ningeanzia hapo: binti kaajiriwa kupima mafuvu, siku moja analikuta lenye vipimo vya kichwa chake mwenyewe.

Mandhari nayo ipo, pandeni tu hapo Chuo cha Mkwawa. Kabla ya uhuru palikuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Wangeambiwa patakuja kuitwa kwa jina la nani!

Nimalizie na mswada mmoja, wa binti wa Mafinga. Simtaji, yupo humu, anajificha nyuma ya mwenzake. Kwake hakuna bomu. Kuna bibi muuza ulanzi, pombe ya mianzi, anayemuuzia kila mtu isipokuwa kijana mmoja, ambaye babu yake ndiye askari aliyemfukuza bibi shambani. Kijana hajui kosa lake. Kila jioni anakuja na kidumu, anasubiri zamu yake kwa adabu, anarudi nacho kitupu. Na bibi, kila jioni, anambakizia lita moja pembeni, kisha anaimwaga.

Dada, simama utusomee ukurasa huo wa kidumu. Mimi nikae, magoti yamekufa ganzi.