Kabla Hujamnunulia Mtoto Nguo za Karate

Mhadhara kwa wazazi na walezi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu hamjambo. Nimeombwa nizungumzie michezo ya mapigano ya karate, judo na taekwondo, na jinsi zinavyomjenga mtoto kitabia. Najua wapo humu wanaoamini kwamba mtoto mtundu akipelekwa karate atanyooka. Wapo pia wanaohofu atarudi na ubabe, aanze kuwatesa wadogo zake. Kila upande una hoja, na kinachoamua kati yenu ni mwalimu mtakayemkabidhi huyo mtoto.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, hekaluni mjini Tokyo, akiwa kijana wa miaka 21. Watu humdhania mpiganaji tu, kumbe kazi yake ilikuwa ualimu. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kuandaa walimu. Alichukua mapigano ya kale ya Kijapani, akazitoa mbinu za hatari kwenye mapambano ya mazoezi, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao zote na kesho wakakutana tena wazima. Karate nayo, kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, iliingizwa shuleni mwanzoni mwa karne ya 20 na Anko Itosu, aliyetunga kata tano za Pinan, yaani mifululizo ya miondoko ya kufanyia mazoezi, kwa ajili ya wanafunzi. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yaani hii michezo mnayoiogopa imepita mikononi mwa watu wa chaki.

Sasa twendeni mkekani. Mtoto anayeanza judo hafundishwi kwanza kumwangusha mtu. Anafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, pumzi inatoka. Anaanguka, anainuka, anaanguka tena, mbele ya wenzake wote. Yule aliyezoea kushinda kila mchezo nyumbani kwa sababu baba anamwachia, hapa hakuna wa kumwachia. Wiki za mwanzo wengine hulia, na si kwa maumivu.

Baadaye akianza kurusha, tazameni mkono wake. Anayerusha ndiye anayeendelea kuushikilia mkono wa nguo ya mwenzake mpaka chini, ili kichwa kisigonge. Akiulegeza, mwenzake anaumia. Na aliyebanwa akipiga mkeka kwa kiganja, anayembana anaachia papo hapo, hata kama alikuwa karibu kushinda. Mtoto wa miaka tisa ameshika usalama wa mwenzake mkononi, kweli kabisa. Mimi sijui somo la uraia linalomfikisha hapo haraka hivyo.

Lakini msikimbilie kulipa ada. Mwaka 1986 mtafiti Michael Trulson wa Marekani alichapisha matokeo ya vijana 34 waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Kwa miezi sita, kundi moja lilifundishwa taekwondo ya jadi, pamoja na heshima, kutafakari na maelezo ya kwa nini wanafanya wanachofanya. La pili lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilikimbia na kucheza mpira wa kikapu. Ukali ulipungua katika kundi la kwanza. Katika la pili uliongezeka, wakati mateke ni yale yale! Vijana 34 ni wachache, nakubali. Ila utafiti wa Norwei wa mwaka 2005 nao uliona wavulana walioingia kwenye ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapigano wakizidi kuwa wakorofi hata nje ya mazoezi.

Kwa hiyo nenda ukakae pembeni siku nzima ya mazoezi kabla ya kuuliza bei. Mkubwa akimuumiza mdogo, mwalimu anafanya nini? Anacheka? Mtoto mzito wa kushika, anangojewa au anafanywa kichekesho? Kama kuna mtihani wa mkanda, yaani wa kupanda ngazi, wa kulipia kila baada ya muda mfupi na hakuna anayeshindwa, basi hapo ni duka la mikanda.

Mwaka 1964, judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Tokyo, Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani Akio Kaminaga nchini kwao. Mashabiki wa Uholanzi wakataka kuvamia mkeka kushangilia. Geesink akainua mkono, akawazuia. Tabia hiyo haizuki siku ya fainali.

Na ninyi wazazi mna sehemu yenu, tena kubwa. Mtoto amechokozwa shuleni, amejizuia, amekwenda kumwambia mwalimu. Anafika nyumbani anapokelewa na, "Sasa hela yangu ya karate inakwenda wapi kama hukumrudishia?" Kwenye mazoezi ameambiwa kila wiki kwamba mwanakarate haanzi ugomvi. Jioni moja mezani, baba anaufuta mwezi mzima wa kazi ya mwalimu, halafu mwisho wa muhula anakuja kulalamika kwamba mtoto habadiliki.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea, tuanze na mama pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mikanda.