Toeni Hiyo Chati Ukutani, Leteni Ndimu

Walimu wenzangu, najua kuna wale wameshanisikia na hii story mpaka wamechoka, mtanivumilia, kwa sababu juzi tu nimeingia darasa la PP2, wale wa chekechea, hapa hapa Kisumu nikakuta ile chati bado imebandikwa. Ulimi umegawanywa kama shamba la marehemu! Tamu huku mbele, chumvi kando, chungu kule nyuma.

Jamani hiyo ramani si ya kweli. Mjerumani Hänig mwaka wa 1901 alisema tu kuna pande za ulimi zinawahi ladha fulani kidogo, tofauti ndogo sana, halafu 1942 Mmarekani anaitwa Boring akaichora upya vibaya kwa kitabu chake na watu wakanakili mpaka leo. Ukitoka hapa weka chumvi kwa ncha ya ulimi uniambie kama hutaisikia.

Lakini hata chati ingekuwa sawa mimi bado ningeitoa. Mtoto nyumbani ni Dholuo tupu, Kiswahili ndio anaanza, wewe unamwonyesha picha ya ndimu unasema "chachu", anaimba "chachu, chachu" mpaka kengele ilie. Muulize kesho.

Kuna siku nilibeba ndimu, chumvi, sukari nguru na osuga, ile mboga ya managu, iliyochemshwa tu, bila maziwa. Sukari nguru hakuna shida, ilibidi niifiche. Osuga sasa! Kijana mmoja aliweka kidogo tu mdomoni, uso ukakunjamana, akapiga kelele, "Makech!" Hapo hapo nikamwambia, "Ehe, ni chungu," na neno likaingia kabla uchungu wenyewe haujatoka ulimini. Mwingine akakataa kabisa, ati "Ticha, hiyo ni dawa." Msichana mmoja akasimama kumbishia, "Kwetu si chungu, mama anaweka maziwa," wakaanza: ni chungu, si chungu, ni chungu kidogo. Wanabishana kwa Kiswahili, na hakuna mtu amewaambia watunge sentensi! Mimi nimekaa tu pale nafurahi.

Naona madam huko nyuma amenuna, najua unataka kuuliza usafi. Mikono ioshwe, kila mtoto kijiko chake, kwisha. Wazazi waulizwe mapema nani ana aleji, hasa njugu, maziwa na mayai, hiyo usicheze nayo. Pesa? Ndimu moja ukiikata vipande vidogo inatosha meza nzima, hata gharama ya kulaminati hiyo chati ni kubwa kuliko hiyo.

Na usimlazimishe mtoto. Wadogo wanausikia uchungu kuliko sisi, si kiburi. Aguse na ulimi, ateme akitaka, neno bado amelipata.

Pilipili acheni nyumbani, kwanza si ladha, ni kuchomwa tu, halafu atajipangusa macho na utaitwa kwa ofisi. Ile ladha ya tano, umami, Mjapani Ikeda aliipa jina 1908, kwetu iko kwa supu ya omena, lakini PP2 haiwahusu, tuiruke. Vile pua inasaidia ulimi kujua ladha nilitaka nieleze vizuri ila muda hakuna: mtoto abane pua, atafune ndizi, aachilie pua, aseme nini kimebadilika.

Sahani zinazunguka sasa. Chukua kijiko, funga macho, na jirani yako akikuuliza ni nini usimwambie "iko poa".