Mama wa Tukuyu hana mkato

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Baridi ya Juni hapa Mbeya tunaijua wote, kwa hiyo toeni mikono mifukoni muandike.

Leo ni vishazi rejeshi vya Kiingereza, yaani vile vipande vya sentensi vinavyofafanua nomino. Lile jedwali la "who" kwa watu, "which" kwa vitu na "that" kwa vyote sitalichora ubaoni. Mnalo. Wanafunzi wanalikariri tangu kidato cha kwanza na bado wanakosea, maana tunawafundisha kuchagua neno kabla hawajajua kishazi chenyewe kina kazi gani. Kazi yake ni kujibu swali moja: yupi? Nenda Mwanjelwa useme "nipe viazi", muuzaji atakuuliza, viazi vipi? Utamjibu: vile vilivyotoka Isyonje. Hapo umeshatamka kishazi rejeshi kinachobainisha, na wala hukufungua kitabu.

Sasa nisikilizeni, hata mlioisikia hadithi hii Iringa. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi, binti mmoja aliandika kwenye insha: "My mother who lives in Tukuyu sells bananas." Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka mkato kabla ya "who" na mwingine baada ya "Tukuyu". Sheria si naijua? Mama ni mmoja, hana haja ya kubainishwa. Habari ya Tukuyu ni nyongeza, na nyongeza hukaa katikati ya mikato. Nikamkata maksi mbili. Binti akaja mezani kwa adabu zote, mikono nyuma: "Mwalimu, mama zangu ni watatu." Aliyemzaa yuko Kyela. Mama mkubwa anaishi naye hapa Uyole. Mama mdogo yuko Tukuyu, na huyo ndiye mwenye ndizi. Angeniandikia tu kwamba mama anauza ndizi, ningemuuliza, yupi? Sentensi yake ilikuwa sahihi kabisa. Mikato yangu ndiyo iliyowaua mama wawili. Maksi nilimrudishia, ila kuomba radhi mbele ya darasa kulinichukua wiki nzima.

Najua mtakalosema: Kiingereza kina "aunt". Kinalo. Lakini yule anamwita mama, na mimi sina kalamu ya kumvua mtu umama. Mwingine pale anataka kusema Kiswahili hakiwekagi mikato hapo. Kweli! "Mama yangu anayeishi Tukuyu" inaandikwa vilevile, uwe na mama mmoja au wanne. Ndiyo maana mkato unatushinda: sisi tunamwachia msomaji ahesabu mwenyewe, Mwingereza anataka mwandishi ahesabu kabla hajashika kalamu. Na ukishaweka mikato, "that" weka kando. Ubaki na "who" au "which".

La pili, nakwenda haraka. "The man who I saw him." Nani hajaisahihisha hiyo muhula huu? Mtoto si mjinga. Anawaza "mtu niliyemwona", na ile "m" ndiyo iliyozaa "him". Kwa Waingereza "who" imeshaikalia nafasi hiyo. Wawili hawakai kiti kimoja, hii si daladala.

Kiswahili hichohicho kinachomponza kinaweza kumwokoa. Lini "that" inaruhusiwa kudondoshwa? Mwambie aiseme kwa Kiswahili, kisha atazame kitenzi kinaanza na nini. "Mchele ulioungua": ile "u" ni mchele wenyewe, basi usidondoshe, andika "the rice that burned". "Mchele tuliounua Kyela", samahani, ulimi huu, "tulioununua": ile "tu" ni sisi, si mchele, kwa hiyo dondosha ukipenda: "the rice we bought in Kyela". Hata ulimi ukiteleza, kanuni haitelezi.

"Whose" nilikuwa nimeiandalia nusu saa, na mwenyekiti ananionyesha saa yake. Haya: ni ya mwenye kitu, na ukiiandika "who's" umeandika jambo lingine kabisa. "Where" mtaimaliza wenyewe.

Kabla ya chai, naomba mmwamshe "the teacher who is sleeping at the back". Bila mkato, maana wengine mko macho.