Talakini: kitandani na kaburini

Assalamu alaykum. Ndugu zangu, usiku huu ni talakini, yaani kumkumbusha mtu shahada anapokufa na akishazikwa, na tuanze pale inaposahauliwa: kitandani.

Mtu akiwa katika sakarati, uchungu wa kukata roho, amkalie mmoja tu, ikiwezekana asiye mrithi, asije akadhaniwa ana haraka na mirathi. Amtajie "La ilaha illa Llah" kwa sauti ya chini. Asimwambie "sema!" Mwenye uchungu huweza kukasirika akajibu "sitaki," na neno hilo likawatesa mliobaki. Akishatamka, nyamazeni, rudieni tu akizungumza jingine. Jamaa watano kushindana kwa sauti wodini si talakini hiyo.

Kuosha na kukafini tumeviwekea darasa lake. Twende makaburini, Kariokor.

Kibla chetu Nairobi kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi. Fungueni mafundo ya sanda, shavu liguse udongo, ndipo mwanandani, lile shimo la ndani anamolazwa maiti, uzibwe kwa kiunza, yaani ubao. Mkiacha mianya, udongo utamwingilia.

Mkishafukia, msomaji akae upande wa kichwa, amwite maiti kwa jina la mama yake. Lisipojulikana, mwana wa Hawa. Amkumbushe shahada aliyotoka nayo duniani, kisha majibu ya maswali ya malaika kaburini: Mola wake ni Allah, dini yake Uislamu, Mtume wake Muhammad. Mara 3, bila kukimbia. Asiyebaleghe hatalakiniwi, maana hana hesabu.

Wako masheikh wanaoikataa talakini hii ya kaburini, wanasema hadithi yake dhaifu. Ni kweli, dhaifu. Imam Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi alikiri hivyo, na bado akaipendekeza. Basi msigombane mkiwa mmesimama juu ya mtu.

Lisilo na mzozo ni kubaki. Mtume (SAW) alipomaliza kuzika alisimama, akaamuru maiti aombewe uthabiti, kwani ndiyo saa anaulizwa. Sahaba Amr bin al-As aliusia wamkalie kadiri ya kuchinja ngamia na kugawa nyama yake. Sisi jembe halijafutwa udongo, magari yameshawashwa!

Na deni. Kabla ya sala ya jeneza, walii, msimamizi wa marehemu, asimame aulize nani anamdai, na aseme wazi kwamba anayebeba deni ni yeye. Nafsi ya muumini huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Mkichanga pesa za pilau ya arobaini na kuna muuza duka anadai, mlipeni muuza duka.

Naona muadhini ameinuka. Maswali baada ya Isha. Ya akina mama yaletwe kwa karatasi.