Dakika Tisa za Giza: India, Korona na Umeme Usio na Moshi

Ndugu zangu, naomba tuanze na usiku mmoja. Ni tarehe 5 Aprili 2020, saa tatu kamili usiku, India. Watu wamefungiwa ndani tangu Machi 25. Waziri Mkuu Narendra Modi amewaomba wazime taa kwa dakika tisa na kuwasha mishumaa, ishara ya mshikamano dhidi ya korona.

Wahandisi wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, walikadiria matumizi yangeshuka kwa megawati 12,000 hadi 14,000. Yakashuka kwa takriban 31,000! Umeme wote huo hauna pa kwenda. Usipopunguza uzalishaji papo hapo, mitambo inajizima ili isiharibike, na giza la hiari linageuka giza la kweli.

Maji ndiyo yaliyookoa usiku ule. Tanuri la makaa ya mawe haliitiki haraka. Ukiliacha lipoe, kulirudisha ni kazi ya saa nyingi. Bwawa unafunga lango, unafungua lango. Mitambo ya maji ilishusha zaidi ya megawati 17,000 kwa dakika kama 25, kisha ikapanda tena taa zilipowashwa. Kila nikisimulia habari hii, moyoni nawapigia saluti waliokuwa zamu.

Nimeanzia hapo kwa sababu wengi wanakumbuka tu anga la Delhi lilivyotakata, wakasema korona imeleta umeme safi. Anga lilitakata kweli. Aprili ile matumizi ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 20, na wa kwanza kuambiwa wapunguze walikuwa wenye makaa, maana kila yuniti yao inakula mafuta, ilhali jua na upepo havinunuliwi. Lakini kufungwa kwa viwanda hakukufunga paneli ya sola hata moja juu ya paa.

Tena hela ziliumia vibaya. India, viwanda hutozwa bei ya juu ya umeme, na ziada hiyo ndiyo inayowabeba wakulima na kaya. Viwanda viliponyamaza, kampuni za usambazaji zikakosa cha kuwalipa wazalishaji, wa sola wakiwamo. Mei, serikali ikatangaza mikopo ya rupia bilioni 900 ya kuzinusuru. Paneli kutoka China zilichelewa. Vibarua walikuwa wamerudi vijijini kwao, wengine kwa miguu, mamia ya kilomita, na hilo bado linaniuma. Miradi ikaongezewa muda wa miezi mitano.

Hata hivyo, Desemba mwaka huohuo, bei kwenye zabuni ya sola jimboni Gujarat ilishuka hadi rupia 1.99 kwa yuniti. Hayo ni matunda ya mpango wa taifa wa sola ulioanza 2010, miaka kumi kabla ya ugonjwa.

Kufika Oktoba 2021 viwanda vinanguruma tena, mvua zimefurika migodini, na akiba ya makaa kwenye vituo vya umeme imebaki ya siku nne hivi. Makaa yaleyale yaliyopunguzwa kwanza Aprili 2020, sasa yanasakwa usiku na mchana.