Kanga Ndani ya Mkoba

Asalaam alaykum jamani. Leo munaniona jikoni maana ndipo penye joto. Hapa Leicester, Uingereza, ni saa kumi na nusu za jioni na nje kiza totoro. Nyinyi huko Pemba saa hizi ni moja na nusu, mushaswali magharibi, munangojea isha.

Wengi munaniandikia habari za hofu. Mmoja kibali chake cha kukaa kinakaribia kwisha, mwengine mwanawe yuko kwenye nchi ya vita, na wa huko nyumbani ni bei za vitu na vijana kukaa bure. Mimi si ustadhi, kufasiri aya nawaachia wenyewe. Nitakuhadithieni yangu tu.

Mimi naogopa bahari. Mpemba anaogopa bahari! Chekeni. Ilinianza siku ya Spice Islander, Septemba 10, 2011, watu wamemaliza sikukuu, wengi wanarudi Pemba, meli ikazama usiku mkondo wa Nungwi. Wakati ule nilikuwa nyumbani Wete. Asubuhi yake redio zilikuwa wazi mtaa mzima na hakuna mtu anayezungumza. Mwaka haujapita, Julai 18, 2012, ikazama meli nyengine, Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe, na Ramadhani iko mlangoni. Nikasema basi, mimi na chombo tumeachana.

Basi siku moja, sijaja huku ughaibuni, mama akawa na miadi ya macho Unguja, na haoni vizuri. Nani atamshika mkono? Mimi.

Chombo sikitaji. Tulipokaa, mama akadai maboya. Lake lilikuwa zima, langu kifungo kimekatika. Hakugombana na mtu. Alivua kanga ya juu, akanizungushia kifuani, akapiga fundo, akalivuta, hakuridhika, akapiga la pili. Mpaka pumzi ikanibana! Ndipo akafungua viganja akasoma, "Bismillahi majraha wa mursaha," yaani kwa jina la Mungu kwenda kwake na kutua kwake, ile ya Nabii Nuhu kwenye Suratu Hud, ambayo kila mzee wa Pemba huisoma akitia mguu chomboni.

Na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nakwambieni niliiona kwa macho yangu. Siku zote nilidhani anayemtegemea Mungu haogopi, kwa hivyo mimi nikiogopa nilijiona imani yangu mbovu, nikaogopa mara mbili.

Tulipofika mkondoni, meli inapanda, inashuka, watu wanatapika kwenye mifuko, mama kalala. Anakoroma! Mimi nimekodoa macho nahesabu mawimbi, utadhani nikisinzia tu meli itazama, kwamba ni mimi ninayeishikilia.

Basi huku ughaibuni kazi yangu imekuwa ileile, ila kwa simu. Nafanya kazi usiku, nalea wazee. Kila nikipata mapumziko, napiga nyumbani. Mara nne, mara tano kwa usiku mmoja. Umekula? Mlango umefunga? Mbona unakohoa? Mwezi uliopita mama akanijibu taratibu, "Mwanangu, siku hizi huniulizi hali. Wanihesabu."

Jamani, nilikosa la kusema.

Sasa napiga mara moja, baada ya isha yao, tunazungumza mpaka tunacheka, namwombea, naaga. Nikifika kazini simu naifungia kabatini. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa ukiniwasha. Nimetoka pia kwenye makundi matatu ya simuni, yale ya sauti za "imetumwa kama ilivyopokelewa", kila asubuhi dunia inakwisha. Mashangazi zangu mnisamehe, sikutoka kwa chuki.

Kibali changu mimi mwenyewe bado hakijajibiwa, munaojua munajua. Nimepeleka kila karatasi waliyoitaka, na nakala nimeweka. Kuna usiku bado naamka saa tisa moyo unanienda mbio. Natia udhu, naswali rakaa mbili, narudi kitandani. Kuna siku usingizi unakuja, kuna siku hauji.

Kibali kikishajibiwa nakuja, inshaallah. Kaka yangu kanishauri kutoka Unguja nipande ndege mpaka Chake. Nimemwambia hapana, nitapanda boti Malindi hapo hapo Unguja, nishukie bandari ya Mkoani, Pemba. Nimemuuliza mama nimletee nini, kasema blanketi! Pemba hii, na joto lile.

Mkoba wa mkononi huu hapa, nishaufunga. Pasipoti, dawa za kuzuia kutapika, na hii, muione vizuri, kanga. Kifungo kikiwa kimekatika tena, ninayo ya kufungia.