Chakazi, Sandarusi na Mti wa Kinamasini

Ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema mengi, pokezaneni hiki kipande cha ubao. Kikwangueni kwa ukucha, kisha mnuse.

Huu ni mkauri, mti wa kundi moja na misonobari, unaoota kaskazini mwa New Zealand. Kule magogo yake hufukuliwa kwenye vinamasi. Lile la Ngāwhā, lililopatikana mwaka 2019, lina uzito wa tani 60 hivi, na lilikuwa limelala ardhini zaidi ya miaka 40,000. Bado linapasulika mbao. Maji ya kinamasi hayana oksijeni, kwa hiyo kuvu wanaoozesha miti hawaishi humo. Bakteria hula selulosi, yaani nyuzi za mti, polepole mno; lignini, ile gundi inayozishikanisha nyuzi hizo, hubaki.

Lakini mimi nataka tuzungumzie utomvu, maana humo ndimo ilimo kemia yenyewe.

Utomvu mbichi ni mchanganyiko. Zimo molekuli ndogo zenye atomi 10 za kaboni, kama pineni na limonini. Hizi ndizo mafuta ya harufu. Hurukia hewani, ndiyo maana msonobari uliokatwa leo unanukia chumba kizima. Na zimo kubwa zaidi, zenye kaboni 20, ambazo haziruki upesi. Katika mkauri iliyo muhimu ni asidi ya komuniki. Hiyo hushikana na mwenzake, wa pili akamshika wa tatu, hadi mnyororo mzima. Ndogo zinaondoka, kubwa zinafungamana, na utomvu uliokuwa ukinata unakuwa kama kioo.

Wazee wetu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekea Unguja, walilijua jambo hili sokoni. Utomvu uliokwanguliwa mtini waliuita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Ule uliochimbwa ardhini, mahali ambapo msandarusi, mti unaoutoa, ulishakufa zamani, ndio sandarusi halisi. Waliutambua kwa vipele vidogo vilivyojaa juu yake, mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Karne ya 19 sandarusi hiyo ilipitia Unguja hadi Salem, Marekani, ikatengenezewa vanishi ya magari ya farasi. Naona fahari kulisema hili: neno chakazi ni uainishaji wa kikemia, na lilitumika kabla ya maabara kueleza sababu.

Msandarusi si msonobari. Ni ndugu wa mkwaju. Hata hivyo molekuli zake kubwa zinafanana mno na za mkauri, ila zimegeuzwa, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Miti miwili isiyo na undugu wa karibu, bahari mbili tofauti, na udongo umeipitisha njia ile ile.

Sasa tazameni huku mezani. Chakazi hii nimeitia spiriti tangu asubuhi, imelainika, inanata kidoleni. Hii sandarusi ya ardhini iko kwenye spiriti ile ile, na bado ni ngumu. Mafundi wa vanishi walilazimika kuipasha moto hadi karibu nyuzi 300 ili minyororo ikatike, ndipo ikubali mafuta. Njooni mmoja mmoja mziguse.